Kiti cha Mfano Kilivyonipeleka Makina

Leo nimeaibika mbele ya wakubwa, wadogo na punda mmoja. Nawasimulia mwenyewe kabla Ogutu wa kazini kwetu hajafika hapa, maana nikimwachia yeye atawaongezea na polisi ambao hawakuwepo. Punguzeni hiyo redio.

Mnajua ninafanya kazi Kawangware, karibu na stendi ya 56, kwa Mzee Mbugua. Ninyi mnapaita karakana. Sisi haturuhusiwi. Tangu tulipotimia watu kumi na wawili, neno karakana limepigwa marufuku. Ni kampuni. Kampuni ya Unyofu. Tuna kengele, tuna muhuri, na tuna simu mezani ambayo waya wake bado haujaletwa (lakini tunaifuta vumbi kila asubuhi).

Mzee Mbugua ni mzee wa kanisa na mwenye ploti, na anaamini kuwa kampuni isiyo na msingi ni rundo la mbao tu. Kwa hiyo ametupatia misingi mitatu, imepakwa rangi kwenye mabati ya ukuta: UKWELI. WAKATI. KUKALIA KWANZA. Kila asubuhi, kabla mtu hajashika msumeno, tunasimama mbele ya ukuta huo tunaisoma kwa sauti. Anayechelewa anaisoma peke yake, na watu wa stendi huja kumsikiliza.

Ukweli na Wakati mnavielewa. Kukalia Kwanza ni hivi: hakuna kiti kinachotoka kwetu kabla fundi aliyekitengeneza hajakikalia mbele ya wenzake, kwa uzito wake wote, miguu ikiwa juu. Kitanda, unakilalia. Meza, unaipanda. Mwaka jana tulitengeneza jeneza. Kila mtu aliangalia viatu vyake, halafu Ogutu akavua kofia akalala ndani. (Alisema ni pazuri, ila mgongoni pangeongezwa kitambaa.)

Siwachekeshi. Ni kampuni ya maana. Viti vyetu havirudi, na watu wanatuamini, ndiyo sababu tunakua. Na kwa sababu tunakua, Mzee amekodi nafasi huku Makina afungue tawi. Tawi linataka msimamizi. Sasa fikirieni mtu kama mimi, ninayeishi hapa Kibera. Kila siku naondoka na giza, natembea mpaka Kawangware, jioni natembea kurudi. Viatu vyangu fundi wa viatu amevikataa. Kumbe Makina ni hapo tu! Mke wangu Mwikali anakaanga viazi karai kando ya barabara hapo hapo. Ningekula mchana chakula cha moto kama binadamu. Nafasi hiyo niliitaka kuliko ninavyotaka kwenda mbinguni, na mbinguni nataka kwenda.

Waliokuwa wakifikiriwa ni wawili, mimi na Ogutu. Ogutu ni rafiki yangu, lakini kwa wiki hizi mbili sikuwa nikimpenda sana. Mzee alisema jina atalitaja leo, hapa Makina, mbele ya kamati ya shule ya chekechea. Shule hiyo inataka viti arobaini vya watoto, na imeziambia karakana tatu zilete kila moja kiti cha mfano saa nne. Kiti chetu cha mfano nilikitengeneza mimi. Kina mikono miwili pembeni, kimeinama nyuma kidogo ili mtoto asiporomoke akisinzia. Kizuri. Hata sasa nasema ni kizuri, na nina sababu ya kukichukia.

Asubuhi nikavaa belbotomu. Mnaijua, ile ya kitambaa cha krimplini, rangi ya chai ya maziwa. Kiunoni na mapajani inabana, ikifika chini inapanuka mpaka inafagia njia. Si nguo ya kazi. Lakini mtu anayekwenda kutangazwa msimamizi havai kaptura yenye gundi. Mfukoni nikatia futi yangu ya kukunja, ile ya mbao, kwa sababu fundi wa Unyofu hatembei bila futi hata akienda kanisani.

Tukasoma ukuta. Kiti kikawekwa katikati. Ogutu akakitazama, akanitazama mimi, hasa sehemu ya kukalia.

"Mzee," akasema, "hii kiti ni ya mtoto. Tuweke gunia ya mahindi juu, tuone kama itashika, halafu twende zetu."

Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili. Mzee Mbugua akaanza kutikisa kichwa kukubali. Nikaona tawi la Makina linamwendea Ogutu hivi hivi, kwa ajili ya gunia. Nikajitosa mbele.

"Mzee, gunia haiwezi kukuambia ukweli! Msingi ni msingi, hauchagui kiti!"

Watu wakapiga makofi. Mzee alifurahi, akavua miwani akaifuta. "Mmesikia? Hiyo ndiyo roho ya kampuni." (Hakuna aliyeniuliza. Nawaomba mlikumbuke hilo tukiendelea.)

Nikakaa. Yaani, nikaanza kukaa. Nilifika nusu nikasimama hewani, mikono ya kiti imenishika mapaja. Mtu mwenye busara angeinuka akasema ahsante. Mimi nikanyanyua miguu juu, kama kanuni inavyosema, na uzito wangu wote ukafanya kazi yake. Nikashuka. Nikasikia kitu mfukoni kimegeuka, kikajipenyeza chini ya mkono wa kiti. Ilikuwa futi.

"Imeshika!" watu wakasema. Makofi tena.

Nikainuka. Kiti nacho kikainuka. Nikakaa. Nikajaribu kwa upande. Kiti kikaja kwa upande.

Ogutu alinishika makwapani, wengine wawili wakashika miguu ya kiti, wakavuta. Mzee Mbugua akainama, miwani puani, akichungulia viungo.

"Haiya!" akasema. "Vuteni tena. Ona! Hata haijalia."

"Mzee, mimi ndio sitoki."

"Nimeona. Lakini angalia hii kazi, Mutua. Umefanya kazi."

Katika miaka yangu yote pale hajawahi kunisifu hivyo. Nikamshukuru. Mngefanya nini?

Ogutu akaleta msumeno. Mzee akauzuia kwa kiganja. "Ukikata, tutapeleka nini? Na tukingoja mpaka atoke, saa nne tutawaambia nini wale wamama?" Wote tukageuka kuangalia ukuta. UKWELI. WAKATI. KUKALIA KWANZA. Nilisoma mara mbili kama kuna mahali pameandikwa KUMTOA MUTUA. Hapakuwa na mahali.

Basi wakanipakia kwenye mkokoteni.

Mkokoteni wetu ni mpya, umepakwa rangi ya kijani, na ubavuni umeandikwa kwa herufi nyeupe: UNYOFU. TUMEKIKALIA KABLA YAKO. Wakaniweka juu yake katikati, nimetazama mbele, magoti yamefika masikioni, belbotomu inapepea pande zote mbili. Ogutu akashika mbele kuvuta. Na kwa kuwa wengine walikuwa na kazi, na kwa kuwa Mzee husema kwenye kampuni yetu hakuna mkubwa wala mdogo, Mzee Mbugua mwenyewe, na koti lake na kofia yake, akaenda nyuma kusukuma.

Sasa mtu akiwa njiani anaona nini? Anaona mzee wa heshima anasukuma, kijana mwenye nguvu anavuta, na juu amekaa bwana mmoja na suruali ya maana. Pale 56 muuza vyuma alisimama akaninyooshea mkono. "Habari ya asubuhi, mheshimiwa?"

"Nzuri," nikamjibu. Nilimpa na mkono.

Tulipokaribia Dagoretti Corner mama mmoja mwenye mzigo wa sukumawiki akatukimbilia, amejaa huruma. "Woiye, mnapeleka yeye hospitali?"

"Hapana, mama," Ogutu akasema, hata hakugeuka. "Tunampeleka shule ya chekechea."

Punda nilimkuta barabara ya Ngong. Alikuwa anavuta gari la maji. Gari lake likasimama sambamba na langu, tukatazamana. Nadhani punda ndiye kiumbe pekee leo aliyenitazama bila kucheka, na hata yeye sina hakika.

Njiani Ogutu alinishauri, kwa sauti ya chini. "Omera, ndugu yangu, tukifika sema umekaa makusudi. Sema ni maonyesho. Watajuaje?" Nilimpenda tena ghafla. Tukateremka Woodley nikiipanga hotuba yangu moyoni, ya mtu aliyekaa makusudi.

Makina, wa kwanza kuniona alikuwa Mwikali. Nilisahau kwamba njia inapita mbele ya karai lake! Aliinua macho, kijiko kikabaki juu kinadondosha mafuta.

"Baba Ndanu. Si ulisema leo utarudi mkubwa?"

"Nimerudi."

"Na mbona uko kwa kiti ya mtoto?"

"Ni kazi, Mama Ndanu. Nitakueleza."

"Basi shuka unieleze."

Sikushuka. Mkokoteni ukapita. Nilimsikia nyuma yangu akimuuliza mteja kama na yeye ameona au ni moshi.

Shule yenyewe ni chumba cha mabati si mbali na msikiti, na uwanja mdogo mbele. Watoto hawana viti bado, wanakaa kwenye mikeka. Kamati ilikuwa kivulini: Mwalimu Zaituni, ambaye ndiye mkuu wa shule, na Bi Halima, mama mtu mzima, mwenye ploti hiyo, watu wake wapo Makina tangu zamani. Viti vya karakana nyingine mbili vilikuwa vimeshafika, vimepangwa mstari. Wakanishusha wakaniweka mwisho wa mstari. Kiti, kiti, mimi.

"Salaam aleikum," Mzee Mbugua akasema, anahema. "Tumefika kwa wakati."

"Mmefika," Mwalimu Zaituni akasema. Akanitazama muda mrefu. "Na huyu?"

Nikasafisha koo. "Mwalimu, jina langu Mutua, fundi wa Unyofu. Nimekaa hapa makusudi, ili kamati ione uimara wa..."

"Mutua," Mzee akaniita nyuma yangu. Hakupandisha sauti. "Ukweli."

Hapo niliona aibu, na si ndogo. Nilikuwa nimeusoma ukuta ule asubuhi kwa sauti kuliko wote. Na pembeni watoto walikuwa wameacha kucheza, wanangoja nao wasikie.

"Nimekwama, Mwalimu," nikasema.

Jamani. Mmewahi kuchekwa na watoto arobaini kwa pamoja? Mtu mzima akicheka anajizuia, anajifanya anakohoa. Mtoto hana habari hiyo. Walijiviringisha kwenye mikeka. Mafundi wa zile karakana nyingine walikuwa wameegemeana, mmoja ameshika tumbo. Mwalimu Zaituni akajifunika mdomo kwa mtandio. Bi Halima peke yake hakucheka. Alikuja akasimama mbele ya kiti cha kwanza akakisukuma kwa kiganja. Kikacheza. Akasukuma cha pili. Kikalia. Akafika kwangu, akanisukuma kifuani. Nilitikisika mimi. Kiti hakikutikisika.

"Walijaribu kukutoa?" akaniuliza.

"Walivuta watatu, Bi Halima."

"Na kiti hakikuachia?"

"Hata kidogo."

"Maashallah," akasema. Halafu akaniinamia. "Una nini mfukoni, mwanangu?"

"Futi."

"Itoe."

"Mkono hauingii. Suruali inabana."

Akaitazama ile belbotomu kutoka kiunoni mpaka chini, akaguna. "Basi ni hiyo itakayobaki, wewe utoke."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akaagiza leso ndani, kanga kubwa, nyekundu yenye maua. Wanawake wakageuzwa wakatazama msikiti. Watoto wakaambiwa watazame ukuta (mnajua watoto). Ogutu akashika leso upande mmoja, Mzee Mbugua upande mwingine, na mimi nikiwa ndani ya hema hilo nikavua viatu, nikafungua mshipi, nikafungua zipu. "Vuta pumzi," Ogutu akasema. Wakanishika makwapani. Krimplini inateleza, hilo nawaambia wanaotaka kununua. Nikatoka kama ndizi, nikajifunga ile leso, nikageuka.

Suruali ilibaki imekaa. Miguu imening'inia vizuri, kiuno kimesimama, mikono ya kiti imeishika huku na huku. Ilikuwa imetulia kuliko mimi.

Nikiwa nimesimama hivyo, na maua yangu, kasichana kamoja mbele kabisa kakainua mkono.

"Mwalimu, na sisi tukikaa tutavua nguo?"

Hakuna aliyecheka. Niliona Mwalimu Zaituni na Bi Halima wanatazamana, na mafundi wa zile karakana wanaanza kusogeza viti vyao mbele. Kazi ya viti arobaini inaondoka, na tawi linaondoka nayo, na mimi ndiye niliyeifukuza. Nikaikaza leso kiunoni.

Mzee Mbugua akachuchumaa mbele ya kale kasichana, magoti yakalia. "Hapana, mtoto. Hii kiti ni yako. Huyu ndio alikaa mahali si pake." Akaichomoa suruali yangu kiungwana, kwanza futi, halafu nguo, akanipa. "Kaa ujaribu."

Kakakaa. Kakasimama. Kakakaa tena, kakainua miguu juu kama kalivyoniona mimi, nadhani, au kaliambiwa na mwingine. Kakasinzia kwa kujifanya. Hakakuporomoka. Basi wote wakataka! Wakasukumana, Mwalimu akawapanga foleni, na viti vile viwili vya wenzetu vikabaki peke yake, hata mtoto mmoja hakuvigusa.

Mwalimu Zaituni akaja kwa Mzee. "Tumekubali. Viti arobaini, na hiki cha mfano kikihesabiwa. Wenye kutuambia ukweli wakiwa kwenye hali kama ile, nadhani hawatatudanganya kwenye mbao." Akanitazama, akatazama pembeni haraka. "Ila tuna sharti. Kila kiti kikaliwe hapa hapa, mbele yetu, na mtu mzima, kama hiki. Mimi nimeamini kwa kuona. Na watoto wamefurahi, tangu muhula uanze sijawaona hivi."

"Kukalia Kwanza," Mzee Mbugua akasema. Macho yalikuwa yamemlowa. "Mwalimu, huo ni msingi wetu. Na atakayesimamia kazi hii, na tawi lote la Makina, ni huyu Mutua."

Nililipata! Nilitaka kuruka, nikakumbuka leso. Halafu sharti likanifikia, polepole, na mikono yake miwili ya mbao.

"Mzee," nikasema, "hivi vingine... pengine tungeweka gunia ya mahindi."

Mzee akafungua mdomo. Lakini Ogutu alikuwa karibu zaidi. Akaja akanishika mkono kunipongeza, wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika leso. Hakuwa na kinyongo hata tone. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kitu kikubwa kuliko tawi.

"Hongera, msimamizi," akasema, kwa sauti ya kusikika na kamati yote. "Lakini msingi ni msingi, omera. Hauchagui kiti."

Basi ndiyo hivyo. Mchana nimekula viazi vya moto, kama nilivyotamani, nimesimama (Mwikali alileta kigoda, nikamwambia aondoe). Njiani kuja hapa watoto watatu wamenisalimia "Shikamoo Bwana Kiti," na mama zao wakawaambia waniheshimu, mimi ni mkubwa wa kampuni. Leso ya Bi Halima narudisha kesho. Mbao zinaletwa kesho hiyo hiyo.

Haya, Ogutu huyo, namsikia mlangoni, ameshaanza kucheka kabla ya kuingia. Msogezeeni benchi. Ila ninyi wenzangu nawaomba kitu kimoja tu: vimebaki viti thelathini na tisa, kwa hiyo msikimalize kicheko chote leo.